Ruhusa ya Titi la Kushoto

Asubuhi ya Jumanne, watoto walipokwisha kunywa chai yao ya mchaichai isiyo na sukari, Koulthoum aliketi mlangoni kwake, mtaa wa Mtsangani, Moroni, akakata mkanda kutoka kwenye gunia la posta. Lilikuwa gunia zuri, turubai ya kijivu yenye mistari miwili ya buluu. Mumewe Boina alirudi nalo siku serikali ilipowaachisha kazi makarani wote wa nchi kwa pigo moja. Wenzake walirudi na viti na mapazia. Boina alirudi na gunia na muhuri. Koulthoum alipima upana wa vidole vinne, akaukunja mkanda mara mbili, akaupitisha kwenye cherehani. Mikanda ya kitambaa ya sidiria ilikuwa imemchimba mabega yote mawili, mifereji ambayo ungeweza kulaza kalamu ndani yake isianguke.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mshonaji, mama wa watoto watatu, na kitinda mimba wake alikuwa ameacha ziwa miaka mitatu nyuma. Hilo halikusaidia kitu. Tangu mwaka wa uhuru, Wafaransa walipofungasha virago vyao na madaktari wao na misaada yao, maziwa ya kopo yalikuwa yameadimika madukani, na kila mtoto mchanga alipolia kwa njaa ndani ya Moroni, matiti ya Koulthoum yalijaa maziwa yakapanda. Mtoto akilia mbali, yalipanda kidogo. Akilia jirani, yalipanda zaidi. Walipoteremshwa bandarini wale Wakomoro waliofukuzwa Majunga, Madagaska, na wachanga wao migongoni, yalipanda vidole vitatu kati ya adhuhuri na alasiri, ikabidi afumue magauni yake yote na kuyaongeza vipande ubavuni. Majirani walisema, "Pole, Koulthoum," kisha wakaleta watoto.

Nao watoto walishiba, tusidanganyane. Wanawake walipanga foleni tangu alfajiri, na Koulthoum hakuwahi kumrudisha mtu. Mtoto akinyonya, kifua kilipungua kwa muda wa kuchemsha ndizi, halafu mwingine akaanza kulia upande wa soko na mzigo ukarudi pale pale. Siku moja aliinamia mzani wa kopra wa jirani yake: kilo saba la kushoto, saba na robo la kulia. Mwenye mzani aliandika namba kwa chaki, akazipangusa, akaendelea na kopra yake.

Uzito wenyewe Koulthoum angeuvumilia. Wanawake wa kwao wamebeba mengi. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa mkono. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikufa ganzi mwezi wa Ramadhani, kikafuatwa na kidole cha jirani, na sasa sindano ilimponyoka akaisikia inagonga sakafu kabla hajajua kuwa haimo mkononi. Katika sala alikwenda sijda vizuri, ila kuinuka hakuweza mpaka mdogo wake Saandia amshike mabega amnyanyue. Wote wawili walikuwa wakiona haya kidogo kila mara, hata baada ya mwaka mzima.

Saandia alikuwa na miaka ishirini na minne, hajaolewa, mwenye mdomo mkali na mikono myepesi. Nyumba ilikuwa yao, waliyoachiwa na mama yao, na Saandia alikaa vyumba vya nyuma. Kila jioni alichukua mkono wa dada yake akausugua kwa mafuta ya karafuu, kutoka kidoleni hadi kiwikoni.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Kidogo."

"Jana hapa ulisikia sana," alisema Saandia, na akasugua kwa nguvu zaidi.

Jumanne hiyo hiyo aliingia Kamaria, mkunga, aliyeshuka kwa miguu kutoka Mvouni kwa sababu petroli yote ilikuwa ya kamati ya vijana iliyoendesha mji. Alimbonyeza Koulthoum shingoni, akashuka begani, akamkunja vidole kimoja kimoja. Kamaria hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mzigo unavuta shingo, shingo inabana mshipa wa mkono," alisema. "Ukifika masika ukiwa hivi hivi, mkono huu utabaki wa kupungia watu tu."

"Nifanyeje sasa?"

"Yuko daktari wa upasuaji Mutsamudu, kisiwani Anjouan, hospitali ya kule Hombo. Dokta Chanfi. Anajua kupunguza matiti, nimemwona kwa macho yangu. Lakini Ijumaa ya wiki ijayo anaondoka, na akiondoka hakuna mwingine." Kamaria akatoa fomu kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya cherehani. "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Nenda, mwanangu."

Siku kumi! Na katika mwaka ule mtu hakuvuka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa sababu tu mkono wake umekufa ganzi. Alihitaji barua ya kamati, na fomu ya hospitali ilidai saini ya mume. Koulthoum aliisoma fomu mara mbili akitafuta pahali pa yeye mwenyewe kutia saini. Hakupaona. Akadhani ukurasa wa pili umepotea.

Habari za Moroni hazina miguu lakini hukimbia. Kabla ya adhuhuri alifika Mwalimu Mroudjae, mwenye chuo cha Kurani cha mtaa, na daftari kubwa kwapani. Mwaka mmoja nyuma, kisu kikitajwa karibu na mwili wa mwanamke, Mwalimu angesoma hadithi tatu za kukataza. Safari hii aliketi, akavua kofia, akajipangusa jasho.

"Kata, mwanangu," alisema. "Kata yote mawili. Dini si mzigo."

Daftari lilikuwa na sababu yake. Waliolelewa kwa ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani; hilo hata mtoto wa chuo anajua. Mwalimu Mroudjae alikuwa akiandika kila mtoto aliyenyonya kwa Koulthoum, jina lake na la baba yake na siku aliyoanza, na sasa walifika themanini na wanne. Serikali ilikuwa imeifuta ndoa kuu, ile anda ya ng'ombe na dhahabu na siku tisa za karamu, ambayo mtu wa Moroni huifanya ndani ya mji wake mwenyewe. Mwalimu hakuwa na wasiwasi na serikali. Serikali zitapita, anda itarudi. Lakini ikirudi itamkuta nani wa kuoa, iwapo mtaa mzima ni kaka na dada?

"Nimepiga hesabu," alisema. "Miaka kumi na minane ijayo, kijana wa hapa ataoa jiwe."

"Mimi ni mkono wangu, Mwalimu. Sindano inaniponyoka."

"Mkono?" Mwalimu Mroudjae alimtazama kama mtu aliyekatizwa katikati ya aya. "Mkono gani?"

Alhamisi Koulthoum aliitwa mbele ya kamati. Walikaa bangweni, uwanja wa mji, kwenye mabaraza ya mawe ambako zamani walikaa wazee waliokwisha anda, kila mmoja pahali pake kwa daraja lake. Sasa walikaa wanafunzi wa sekondari, wavulana kwa wasichana, na hakuna aliyejua nani akae wapi, kwa hiyo kila kikao kilianza na ugomvi. Katibu alikuwa Soidri, miaka kumi na tisa, fulana nyeupe, kalamu mbili mfukoni. Soidri huyo alinyonya kwa mama yake Koulthoum miezi minane, mama yake mzazi alipougua homa ya manjano. Kwa hiyo alikuwa ndugu yake wa ziwa, na wote wawili walilijua hilo.

"Dada Koulthoum," alisema, "kamati imearifiwa kwamba unakusudia kuharibu mali ya umma."

"Mali ipi?"

Soidri alimwelekezea kalamu kifuani, bila haya, kama mtu anayeonyesha mji kwenye ramani.

"Haya ni matiti yangu, Soidri."

"Yalikuwa yako. Watoto themanini na wanne wanakula hapo. Kamati haina kopo hata moja la maziwa, na meli haijulikani itakuja lini. Ukiyapunguza, wale nini? Hotuba?"

Lilikuwa swali la kweli, na ndilo lililomuuma Koulthoum. Soidri angekuwa mjinga angejibiwa kijinga. Koulthoum alitaka kusema kwamba anayestahili kuulizwa swali hilo si mshonaji wa Mtsangani, bali ni wale wanaojua meli iko wapi. Wakati huo mtoto akalia nyuma ya soko. Mkanda wa turubai ulilia kwii begani kwa Koulthoum, watu wote wakausikia, na Soidri akauandika kwenye kumbukumbu za kikao.

"Ulinyonya kwa mama yangu," alisema Koulthoum.

"Ndiyo maana sijakuita mhaini."

Hapo Koulthoum alichomoa pini kwenye ukosi wake. Aliweka mkono wa kulia juu ya meza ya kamati, akaichoma pini kwenye kidole cha mwisho, polepole, ikaingia mpaka kichwa. Hakupepesa. Damu ilitoka tone moja likakaa juu ya karatasi.

"Huyu ni mimi," alisema. "Sisikii kitu. Nikikosa mkono sitashona, nisiposhona sitakula, nisipokula hao themanini na wanne watanyonya upepo. Nipeni ruhusa niende."

Kamati ilijadili saa mbili. Msichana mmoja alisema aruhusiwe. Mvulana mmoja alisema afungwe. Jua lilipokaribia utosini wakapiga kura, na Soidri akasoma uamuzi: raia Koulthoum anaruhusiwa kusafiri Mutsamudu kupunguzwa titi moja, nalo ni la kushoto. La kulia, ambalo linazidi kwa robo kilo, litaendelea kulitumikia taifa. Arudi si zaidi ya Jumanne ya wiki ya pili.

"Si atapinda?" aliuliza yule msichana.

"Atazoea," alisema Soidri, na akatia saini.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na kamati haikuwa imewahi kubeba hata usufi.

Jioni Koulthoum alimpelekea Boina fomu ya hospitali. Boina alikuwa hajashika fomu tangu afukuzwe kazi, na aliisoma mara tatu, kwa raha, akinyoosha kidole chini ya kila mstari. Halafu uso ukamwanguka.

"Na wenzangu bangweni watasemaje? Kwamba Boina alimtoa mkewe akakatwe?"

"Watasema watakavyosema."

Boina alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuamshwa. "Ukishapunguzwa," aliuliza, "hawa wanawake wataacha kugonga alfajiri?"

"Nadhani."

Akatia saini. Kisha akaleta ule muhuri wake, akaupulizia pumzi ya moto, akaugonga chini ya jina lake. Muhuri ulisema, kwa Kifaransa, kwamba barua imepokelewa Moroni.

Chumbani Saandia alikuwa tayari na mafuta. "Amekuuliza mkono?"

"Hapana."

"Mwalimu je? Kamati?"

"Niliwaonyesha mwenyewe."

Saandia alimimina mafuta kiganjani, akausugua mkono mpaka yakaisha. "Tunakwenda wote," alisema baadaye. "Nani atakunyanyua kwenye sala?"

Waliondoka Jumapili. Ndege ilikuwa ndogo, na rubani alipima abiria mmoja mmoja, akamketisha Koulthoum katikati ili mabawa yawe sawa. Kwa muda Moroni ilimvuta. Alisikia kila mtoto aliyemwacha, na mkanda ukalia kwii, kwii. Halafu wakawa juu ya maji matupu. Baharini hakuna mtoto anayelia. Kifua kilishuka kikakaa kama kilivyokuwa siku za usichana wake, pumzi ikaingia mpaka chini, na Koulthoum akashika mkono wa Saandia akacheka kwa sauti, hata rubani akageuka. Ilidumu dakika kumi na mbili. Kisha milima ya Anjouan ikatokea mawinguni, na mtoto wa kwanza wa kisiwa kile akaanza kulia. Walipotua Ouani mkanda mmoja ulikuwa umekatika.

Mutsamudu vichochoro vyake ni vyembamba, na Koulthoum alipita ubavu ubavu, akigusa kuta za pande zote mbili, huku wanawake waliojifunga shuka nyekundu za shiromani wakimpisha na kumwamkia. Hakuna aliyewatangulizia habari, lakini langoni pa hospitali ya Hombo wanawake watano walikuwa wamesimama na wachanga wao. Aliwanyonyesha wote watano kabla ya kuandikishwa.

Dokta Chanfi alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alimpima, akambonyeza shingo, akamchora kifuani kwa wino wa zambarau. Kisha akavuta kigoda akaketi mbele yake, akamwita Bweni, yaani Bibi, kwa heshima ya kule.

"Bweni Koulthoum, ninayoyajua nitakwambia, nisiyoyajua sitayatia chumvi. Nitakukata hapa kuzunguka chuchu, nishuke chini, nipite pembeni. Kovu litakuwa na umbo la nanga, mwaka wa kwanza jekundu, baadaye litapauka. Halifutiki. Chuchu nitazipandisha juu. Huenda zikapoteza hisia, pengine mwaka, pengine milele. Na kunyonyesha, usitegemee tena."

"Naam."

"Mirija miwili itatoka ubavuni kumwaga damu, siku mbili tatu. Titi moja litavimba kuliko lingine, usiogope. Wiki sita utalala chali, hutainua ndoo wala mtoto. Na siku ya tatu utalia bila sababu. Wote hulia."

"Na mkono?"

Dokta Chanfi aliuchukua ule mkono. Alikuwa mtu wa kwanza, ukimtoa Kamaria na Saandia, kuushika. "Utarudi," alisema, "polepole, kuanzia juu kushuka. Kidole cha mwisho ndicho kitakachochelewa."

Koulthoum alitazama kifua chake. "Na haya, yatarudi?"

Daktari alivua miwani akaifuta. "Kwako, sidhani."

Saandia alikuwa dirishani akikunja nguo. Hakuinua kichwa.

Ikabaki barua ya kamati. Daktari aliisoma mpaka mwisho, akaisoma tena ile sehemu ya titi la kushoto. Alieleza kwamba dawa ya usingizi imebaki chupa moja, inatosha mtu mmoja, mara moja; ndiyo maana anaondoka Ijumaa, kwani daktari wa upasuaji asiye na dawa ya usingizi ni mchinjaji, na mchinjaji mji unaye tayari. Hatakuwa na chupa nyingine ya kuja kumalizia upande wa pili. Kisha akaikunja barua mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza ya upasuaji, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa inayumba. Akaitikisa meza kwa mikono miwili.

"Sasa imetulia," alisema.

Upasuaji ulifanywa Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Saandia alikaa ukumbini na tasbihi, na kila mlango ulipolia alisimama. Mwishowe muuguzi akamtolea furushi la kitambaa cheupe. Lilikuwa na kilo tano za kushoto na tano na robo za kulia. Kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Saandia aliazima jembe kwa bawabu, akachimba nyuma ya jiko la hospitali, penye mpapai, akazika kwa mikono yake na kusoma Fatiha. Alipokuwa anashindilia udongo kwa mguu, mtoto alilia wodini. Kifungo cha kwanza cha gauni lake kiliruka kikaangukia kwenye majani. Alikiokota. Kabla hajakitia mfukoni, cha pili kikaruka.

Alirudi ukumbini ameshika gauni kifuani kwa mkono. Dokta Chanfi, damu bado mikononi, alimtazama mara moja tu.

"Chupa imekwisha, Bweni Saandia."

"Najua."

"Ijumaa mimi—"

"Najua, Dokta. Ataamka lini?"

Koulthoum aliamka alasiri. Kabla ya kufungua macho alijaribu mkono, na kiganja kikajibu. Joto lilikuwa linateremka kutoka begani kama maji kwenye mfereji uliokuwa umeziba. Pumzi yake iliingia yote. Aliona dari, akaona dirisha, akataka kucheka. Halafu akamwona mdogo wake ameketi kitandani pembeni, leso kubwa imefungwa kifuani kwa mafundo mawili, na mlangoni wanawake wale watano na wengine watatu, wachanga mikononi, wanangoja kwa adabu.

"Saandia."

"Lala chali. Daktari amesema chali."

"Nirudishie. Mwambie anirudishie."

"Nimeshazika," alisema Saandia. "Nimesoma na Fatiha." Akampokea mtoto wa kwanza.

Koulthoum hakulia siku hiyo wala ya pili. Ijumaa, siku ya tatu, gari lililompeleka Dokta Chanfi uwanja wa ndege lilipopiga honi langoni, alilia mpaka bandeji zikalowa. Muuguzi alifika akamtazama, akaandika kwenye karatasi ya kitandani: analia, hali ya kawaida.

Walirudi Moroni Jumanne ya wiki ya pili, siku ya mwisho ya ruhusa. Safari hii rubani alimketisha Saandia katikati. Juu ya maji matupu Koulthoum alimtazama mdogo wake akivuta pumzi, akifumba macho, akicheka peke yake. Koulthoum alihesabu dakika kwa vidole, na vidole vyote isipokuwa kimoja vikamwitikia.

Soidri alikuwa anawangoja mlangoni, kalamu mkononi. Alimkagua Koulthoum upande wa kushoto. Akamkagua upande wa kulia. Uso ukamkunjamana.

"Kamati ilisema moja! Ruhusa iko wapi?"

"Iko chini ya meza," alisema Koulthoum.

"Meza gani? Dada, unajua hii ni kesi? Unajua naweza—"

Mtoto alilia upande wa Badjanani. Mkanda wa turubai, sasa begani kwa Saandia, ukalia kwii. Soidri alimtazama Koulthoum, kisha akatazama nyuma yake, ambako Saandia alikuwa anaingia mlangoni ubavu ubavu na kikapu cha nguo. Alifungua daftari lake. Alifuta jina moja, akaandika jingine juu yake, na kwa kuwa alikuwa kijana makini, akaongeza mstari: kazi ya taifa haikukatizwa.

"Na meli?" aliuliza Koulthoum. "Meli ya maziwa?"

"Inasubiriwa," alisema Soidri, na akaenda zake.

Mwalimu Mroudjae alifurahi waziwazi. Alifungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa jina la Saandia kwa wino mweusi, kisha akaeleza kwa yeyote aliyetaka kusikia: walionyonya kwa dada na watakaonyonya kwa mdogo wake si ndugu, ni binamu tu, na binamu wanaoana halali bila tone la shaka. Mji umeokoka. Alimwombea dua Saandia, ndefu, mikono juu. Boina naye alilala mpaka jua kutoka kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi, kwa sababu vyumba vya Saandia vilikuwa nyuma, na wanawake walizunguka uchochoroni, pasipo mtu kuwaonyesha njia.

Wiki sita zilipokwisha, Koulthoum aliondoa kitambaa kwenye cherehani. Makovu yalikuwa mekundu, kama alivyoambiwa. Chuchu hazikusikia kitu, kama alivyoambiwa. Katika sala alikwenda sijda akainuka mwenyewe, kisha akageuka akamshika Saandia mabega akamnyanyua, na wote wawili wakaona haya kidogo. Uchumba uliokuwa unazungumzwa kwa ajili ya Saandia ulikuwa umenyamaza. Upande wa mume walitaka kwanza kuona hali itakavyokuwa.

Asubuhi hiyo alilileta lile gunia la posta. Kilikuwa kimebaki kipande cha kutosha mikanda miwili, ile sehemu yenye mistari ya buluu. Alipima vidole vinne, akafikiri, akapima vitano, akakata. Mkasi ulimtii. Saandia alikaa kizingitini mgongo ukutani, mtoto mmoja mapajani na mwingine anangoja kwa mama yake, foleni imefika kwenye kona ya duka lililofungwa.

"Dada," alisema Saandia, bila kugeuka, akifungua na kufumba mkono wake wa kulia juani. "Wewe kilianza kufa ganzi kidole gani?"

Koulthoum alishika uzi, akaulowesha kwa ulimi, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu.

"Cha mwisho," alisema. "Lete bega nipime."